Utabiri wa radi si kudai ghaibu

Wapo ndugu zetu wanaosema kuwa kufuata utabiri wa hali ya hewa ni kumshirikisha Allah (s.w.) katika elimu ya ghaibu, na hoja yao ni Suratul Luqman (31:34). Aya ni ya haki, ila imetumiwa pasipo mahali pake.

Tuchukue Kyela. Mchana upepo hutoka Ziwa Nyasa ukapanda Milima ya Livingstone, mawingu yakajaa, radi ikapiga alasiri. Usiku upepo hugeuka ukashukia ziwani, na dhoruba humkuta mvuvi mtumbwini kati ya Matema na Itungi. Mtaalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hapo hasomi ghaibu. Anasoma joto, unyevu na picha za setilaiti, yaani mawingu yale yale ambayo Qur'an (24:43) inatutaka tuyatazame yanavyosukumwa na kurundikwa. Tena yeye husema "huenda". Anayesema "itakuwa" ni mnajimu, naye hudai malipo!

Mtume (s.a.w.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo atawakali. Basi tahadhari ikitolewa mchana, imamu wa msikiti wa ufukweni aitangaze baada ya swala ya Alasiri, kabla mitumbwi haijasukumwa majini.