Hodi ya Njiani

Njia ni kitu kinachotumiwa na kila mtu na kufikiriwa na wachache. Nyumba ina mwenyewe, shamba lina mwenyewe, na kisima kina waliokichimba. Lakini njia huonekana kama haina mtu. Apitaye hupita, akaiacha nyuma yake, wala haulizwi. Kwa sababu ya desturi hii watu wengi huamini kuwa njia ni ya wote, na kwamba kupita hakutaki ruhusa. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, walakini si ukweli mzima. Mahali pazuri pa kuipima ni pale ambapo mtu anapita kwa mara ya kwanza, katika nchi ya watu wengine, juu ya chombo kiendacho kasi kuliko miguu.

Chombo hicho ni baiskeli ya milimani. Asili yake hutajwa kuwa California, Marekani, ambako katika miaka ya 1970 vijana walizoea kuteremka kwa baiskeli nzito katika njia za Mlima Tamalpais. Tangu wakati huo nchi nyingi zimejenga mitandao ya njia kwa ajili ya baiskeli hizi peke yake. Katika mji wa Whistler, Kanada, kila njia ina jina na alama yake: kijani kwa anayeanza, buluu kwa aliyezoea, nyeusi kwa hodari. Mgeni afikapo husoma ubao, hupima nguvu zake, akachagua. Hana haja ya kumwuliza mtu, maana waliotengeneza njia wamekwisha kumjibu kabla hajauliza. Akikosea, aghalabu atakayeumia ni yeye mwenyewe.

Kisiwa cha Mafia hakina mlima, lakini baiskeli za milimani zimefika huko pamoja na wageni. Mtu aweza kukodi moja Utende, kando ya Ghuba ya Chole, akafuata barabara ya lami mpaka mji wa Kilindoni. Au akaelekea kaskazini, apite Kirongwe, mpaka Bweni na Ras Mkumbi penye mnara wa taa, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kutoka Kilindoni. Lakini raha ya mwendesha baiskeli haimo barabarani. Imo katika vijia visivyohesabika vinavyotoka kando ya barabara na kupotea chini ya minazi, mikorosho na miembe. Mahali kijia huingia bonde la mpunga. Mahali hutumbukia katika mchanga mwingi unaoshika gurudumu, hata mpandaji akalazimika kushuka na kusukuma. Hakuna ubao wala rangi. Hakuna fundi aliyevipima vijia hivi, wala siku iliyotangazwa ya kuvifungua. Vilifanywa na miguu: ya mtoto aendaye chuoni, ya mwanamke aendaye kisimani, ya mkwezi, ya mvuvi arudiye na samaki wake, na ya wachukuzi wa jeneza. Kila kijia ni alama ya haja ya watu fulani, nao watu hao wangali hai, au wajukuu zao wangali hai.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Mgeni ameacha barabara akafuata kijia. Kijia kimepinda mara mbili, na ghafula kimetokeza katika uwanja wa nyumba ya mtu. Mpunga umeanikwa juu ya mkeka. Mzee ameketi barazani. Mwanamke yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi. Kijia hakikukoma, kinaonekana kinaendelea ng'ambo ya uwanja. Ramani iliyo katika simu ya mgeni inasema kuwa njia ni hiyo hiyo. Je, apite?

Wako watakaojibu upesi kuwa apite, maana wenyeji wenyewe hupita hapo kila siku. Ni kweli hupita. Lakini yafaa kutazama wanavyopita. Kijana mwenye adabu akifika na baiskeli yake mbele ya mzee hushuka, akasema, "Shikamoo, babu," akangoja marahaba. Huuliza habari za mgonjwa aliyemo ndani, hupeleka salamu alizotumwa, ndipo akaendelea. Jambo hili lote huenda likachukua dakika moja, nayo ndiyo ada ya njia. Kijana hakupita katika uwanja tu; alipita katika ujirani. Mgeni apitaye mbio mahali pale pale, akiwa ameinama juu ya usukani, amekanyaga mchanga ule ule lakini hakutenda tendo lile lile. Watu wawili waweza kupita njia moja, mmoja akawa mpita njia na mwingine mvamizi, wala nyayo zao zisitofautiane.

Wengine watasema kuwa mgeni amekwisha kulipa. Mafia ina Hifadhi ya Bahari, ya kwanza kuanzishwa katika Tanzania, tangu 1995. Na mgeni aingiaye katika eneo lake hutozwa ada. Ada hiyo ina maana, kwa kuwa matumbawe na kasa hawana ulimi wa kujitetea. Lakini hifadhi hiyo ina vijiji ndani yake, na watu wa vijiji hivyo si sehemu ya maonyesho. Stakabadhi humruhusu mtu kuingia katika hifadhi. Haimnunulii uwanja wa mwenziwe, wala haki ya kumpiga picha mwanamke anayekuna nazi. Fedha huweza kununua huduma ya mtu, si ridhaa yake, ijapokuwa mara nyingi vitu hivi viwili hufanana kwa sura.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu zaidi katika zama hizi, nalo ni jibu la ramani. Ramani inajua, kwa nini kuuliza? Historia ya Mafia yenyewe ina la kusema juu ya ujuzi wa namna hii. Mwaka 1890 kisiwa kilitiwa mikononi mwa Wajerumani kwa mapatano yao na Waingereza, watu walioketi mbali na kalamu na ramani, na wenye kisiwa hawakupigiwa hodi. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikitwaa kisiwa, na kutoka hapo ndege zao ziliruka kwenda kuitazama manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji. Nayo iliangamizwa mwezi wa Julai mwaka huo. Jicho la juu lilifaa kwa kazi ile, maana adui haulizwi njia. Leo jicho la juu limo katika mfuko wa kila msafiri. Si ovu kwa asili yake; limewaokoa wengi waliopotea. Lakini lina tabia moja isiyobadilika: huonyesha mahali bila ya kuonyesha wenyewe. Litasema kijia kiko wapi. Halitasema kuwa leo kuna msiba katika nyumba ya tatu, wala kuwa njia ile ya chini ni ya wanawake waendao kuoga.

Tena ramani haipokei tu, hupewa pia. Mgeni amekaribishwa vizuri, amepita uwanjani kwa salamu, amekunywa dafu. Jioni anaitoa njia aliyopita ili ulimwengu mzima uione. Mwaka ufuatao wapandaji ishirini wanafika katika uwanja ule ule, nao hawajui kuwa ulikuwa uwanja. Wao wanajua ni mstari. Huyu wa kwanza hakuiba kitu. Hata hivyo ametoa kisichokuwa chake. Ruhusa aliyopewa ilikuwa ya mtu mmoja, kwa saa moja, kwa sababu ya uso wake na salamu yake. Ruhusa ya namna hiyo hairithiwi wala haikopeshwi. Mwenye kukaribishwa ndani ya nyumba hakupewa ufunguo wake.

Hapa mtu aweza kuleta pingamizi la haki. Ikiwa kila pindo la njia lina hodi yake, wapi uhuru? Mtu husafiri ili atoke katika maulizo ya kila siku. Anataka kupotea kidogo, kwa kuwa katika kupotea mna furaha ambayo mwenye kujua njia haionji kamwe. Pingamizi hili halifai kudharauliwa. Moyo wa binadamu una haki ya kutaka mahali pasipo na ubao. Lakini kupotea kukoje huko kunakofurahisha? Mtu apoteaye jangwani hafurahi. Apoteaye katika vijia vya Mafia hufurahi kwa sababu anajua, hata asipokiri, kuwa nyuma ya minazi ile mna mtu atakayemwonyesha njia, atakayempa maji, na asiyemdhuru. Uhuru wake umesimama juu ya wema wa watu asiowajua. Basi haiwi sawa kuwategemea watu jua likizama na kuwapita kama vigogo jua likiwaka.

Fauka ya hayo, mgeni hana uwezo wa kutoonekana. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kabla hajafika mwisho wa kijiji watoto wamekwisha kumtangaza. Hiari aliyo nayo si kati ya kuonekana na kutoonekana. Ni kati ya kuonekana na kujulikana. Aonekanaye ni kitu kilichopita. Ajulikanaye ni mtu aliyepita. Kwa hivyo wajibu wa kwanza wa mgeni si kuijua njia, bali kujulikana njiani.

Mizani, hata hivyo, ina vitanga viwili, na mwenyeji naye ana deni. Mapokeo ya Mafia yana hadithi moja ya kutisha juu ya miji miwili ya kale, Kua katika kisiwa cha Juani na Kisimani upande wa magharibi. Husimuliwa kuwa watu wa Kisimani waliwaalika watu wa Kua katika sherehe ya kushusha jahazi baharini, wakawakamata watoto wa wageni wao na kuliburuta jahazi juu ya miili yao. Miaka ikapita. Watu wa Kua wakawaalika wale wa Kisimani katika arusi, wakawaingiza katika chumba cha chini. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, mlango ukajengwa, na walioalikwa wakafa humo. Kiasi gani cha hadithi hii ni tarehe na kiasi gani ni fundisho, haidhuru. Waliohifadhi hadithi hii walijua kuwa hakuna silaha kali kuliko neno "karibu" katika kinywa kisichokusudia. Leo Kua ni magofu, na sehemu kubwa ya Kisimani imeliwa na bahari.

Kati ya ukatili ule na ukarimu wa kweli kuna makosa madogo. Mgeni aliyechoka huuliza, "Ni mbali?" Mwenyeji, asitake kumvunja moyo, hujibu, "Hapo tu." Hapo tu huwa saa mbili za mchanga. Njia ya mwongo ni fupi, hata uwongo ukiwa wa huruma. Aliyeulizwa njia amekabidhiwa nguvu na wakati wa mwenziwe. Na amana hiyo hairudishwi kwa maneno matamu.

Lililo gumu kuliko yote ni jambo la kukataa. Adabu ya hodi inataka mtu apige mara tatu, na asipojibiwa arudi alikotoka. Maana yake ni kuwa hodi ya kweli huacha nafasi ya jibu la hapana. Hodi isiyokubali kukataliwa ni amri iliyovikwa kanzu. Sasa mgeni wa baiskeli mara nyingi ana mali kuliko mwenyeji, naye mwenyeji huenda akatumaini kuwa mwanawe atapata kazi kwa wageni, au kuwa dafu lake litanunuliwa. Atawezaje kusema hapana? Atasema karibu, na macho yake yatasema neno jingine. Hapo sheria ya hodi haitoshi. Panatakiwa mtu awezaye kuyasoma macho, naye hawi mwenye kwenda mbio. Kwa sababu hiyo kijana yule mwenye adabu hushuka kwanza ndipo akaamkia. Aliye juu ya tandiko hutazama chini, na anayetazamwa hivyo hujibu kama anayetazamwa hivyo. Wawili wakisimama juu ya mchanga mmoja, "hapana" hupata njia ya kutokea, na "karibu" hupata uzito wake.

Basi mgeni aliyeachwa pale penye uwanja, mguu mmoja juu ya kikanyagio, hana haja ya sheria ndefu. Ashuke. Aamkie. Aulize kama njia inapitika leo. Akiambiwa apite, apite akisukuma baiskeli yake mpaka ng'ambo, auzunguke mkeka wa mpunga. Na akifika jioni aihifadhi njia hiyo moyoni mwake bila ya kuitangaza. Akiambiwa arudi, arudi. Naye hatakuwa amepoteza safari, maana atakuwa amejua jambo moja ambalo ramani haikulijua: kwamba hapo pana watu.