Msiinyamazishe Belti Inayolia

Neno langu ni kwenu mnaoshika spana katika gereji za jua kali hapa Kakamega, na kwenu mnaoendesha Probox kati ya mjini, Khayega na Chavakali tangu alfajiri hadi giza liingie. Kulanti ikimwagikia belti za injini na belti ikaanza kulia, msiinyamazishe kabla hamjajua ile kulanti imetoka wapi.

Dawa za kunyamazisha nazijua zote, kwa sababu zinafanywa mchana kweupe. Huyu anasugua kipande cha sabuni juu ya belti huku injini inanguruma na vidole vyake viko shubiri moja kutoka kwenye puli. Yule anapaka grisi. Mwingine anapuliza ile dawa ya mkebe ya kulegeza nati zilizoshika kutu. Kelele inakoma, dereva analipa, abiria wanabanwa hadi kwenye buti, na safari inaanza. Lakini kazi ya belti ni kushika puli, na vitu hivyo vyote ama vinaifanya iteleze zaidi ama vinakula mpira wake.

Hizo Probox zenye injini ya 1NZ mnazijua kuliko mimi. Belti moja tu yenye mifereji ndiyo inayozungusha pampu ya maji, alteneta na kompresa ya kiyoyozi. Belti ikiteleza, maji yanazunguka kwa uvivu, betri haipati chaji, na gari lililojaa watu linapopanda kutoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, sindano ya joto nayo inapanda. Ikikatika, pampu imesimama. Dereva asiyezima injini papo hapo atapasua gasketi ya kichwa, na hapo tajiri atauliza hesabu ambayo belti kumi haziifikii.

Kama ni mkono tu ulioteleza wakati wa kuongeza kulanti, hiyo si kesi. Zima injini, toa ufunguo, ngoja ipoe. Funika alteneta kwa kipande cha turubai. Mimina maji safi polepole juu ya belti na puli, kisha zungusha krenki kwa spana ili upande uliojificha nao uoshwe. Kulanti huyeyuka ndani ya maji, basi petroli na mafuta taa ziwekeni mbali, kwani hizo ndizo adui wa mpira. Utelezi ukibaki, tia tone la sabuni ya vyombo katika maji ya uvuguvugu, osha, usuuze hadi povu liishe kabisa. Futa mifereji, acha ikauke. Belti nyingi za siku hizi ni za mpira wa EPDM, ambao hauliwi na kulanti kama unavyoliwa na oili, kwa hiyo usimuuzie mteja belti mpya asiyoihitaji. Ikiwa na nyufa, imevimba au imelainika, hapo muuzie.

Imekauka na bado inalia? Nyunyiza maji kidogo upande wa mifereji, mikono na mikono ya shati vikiwa mbali. Kelele ikizidi, belti imelegea. Ikipotea kwa muda kisha ikarudi, tazama kama puli zote zimekaa mstari mmoja.

Shida kubwa ni pale ambapo hakuna aliyemwaga kitu na belti imelowa. Pampu ya maji ina tundu dogo chini ya shafti yake, limewekwa makusudi: sili ya ndani ikichakaa, kulanti hutokea hapo, na belti iko jirani kabisa. Wageni wakifika Ilesi hulipiga picha Jiwe Linalolia wakaenda zao bila kuuliza machozi yametoka wapi. Pampu haitaki mgeni wa namna hiyo. Chukua tochi, tafuta alama kavu ya kijani au nyekundu, fuata mipira ya rejeta, klipu zake, mfuniko na chupa ya akiba. Na asitokee kijana wa kuliziba lile tundu kwa gundi. Nimesikia akili hiyo ikisifiwa kuwa ni ufundi. Si ufundi.

Hiace nyingi za dizeli zina belti nyingine, ya taimingi, iliyofichwa chini ya kava. Kulanti ikiifikia hiyo, haioshwi. Inabadilishwa, na palipovuja panatengenezwa siku hiyo hiyo. Ikiruka meno, valvu zinaweza kugongana na pistoni, na injini imekwisha.

Kuna jambo linalounguza watu kila mara. Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Shinikizo la mfuniko wa rejeta ndilo linaloyazuia yasichemke mapema. Ukiufungua injini ikiwa moto, maji yale yanageuka mvuke kwa ghafla na kukurukia usoni. Kitambaa hakikusaidii. Ngoja hadi mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kukuchoma.

Tena, kulanti ni sumu yenye utamu. Ile ya glikoli huharibu figo, na mtoto au mbwa huinywa kwa raha. Hata hivyo naona inauzwa na kuhifadhiwa katika chupa za soda. Acheni hilo leo. Aliyeinywa apelekwe hospitali bila kusubiri dalili, na maji mliyooshea belti myakinge kwenye karai, yasiteremke hadi mto Isiukhu.

Ninyi mliopitia chuo cha ufundi cha Sigalagala, wafundisheni wenzenu waliojifunzia chini ya mti, bila dharau, kwa maana nao wana ya kuwafundisha. Na dereva akikuharakisha kwa sababu foleni ya stendi inasonga, mwonyeshe panapovuja kwa kidole. Akikataa kungoja, andika kwenye risiti ulichokiona, umrudishie ufunguo wake, na usipokee shilingi ya kunyamazisha belti.