Shule Iliyofungwa Iko Wapi?

Beni, mji wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, una komini nne: Beu, Bungulu, Mulekera na Rwenzori. Tangu mauaji ya raia yaliyoanza katika eneo hilo Oktoba 2014, mji huu umepokea familia zilizokimbia Oicha, Mbau, Eringeti na vijiji vya jirani, na baadhi ya shule zimekimbia pamoja nazo. Hazikubeba matofali. Zilibeba jina, direkta, walimu waliosalimika, na rejista kama iliwahi kuokolewa. Wenyeji wakishasoma asubuhi, wageni huingia alasiri: hesabu za asubuhi bado hazijafutwa ubaoni, na dawati lina majina yaliyochongwa na watoto wa shule nyingine.

Je, shule kama hiyo imefungwa?

Mzee aliyeiacha kijijini, milango ikiwa wazi na nyasi zikiota uani, atasema ndiyo. Mwalimu anayeita majina alasiri atasema hapana. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu kabla ya kuhifadhi kumbukumbu za shule ni lazima kujua kinachohifadhiwa.

Kongo imewahi kuliona swali hili kwa upande wake wa pili. Mwishoni mwa 1974 serikali ya Mobutu ilitaifisha shule za makanisa, na mwaka 1977 ikayarudishia makanisa usimamizi kwa mkataba. Kuta zilibaki palepale, mwenye shule ndiye aliyebadilika. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1972, serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kikristo, hivyo mtoto aliyeingia shuleni kwa jina moja aliweza kumaliza kwa jina lingine. Hata hivyo hakuna aliyedai kwamba amesoma shule mbili. Zamani jengo lilidumu huku majina yakibadilika. Leo jina linadumu na jengo limeachwa nyuma.

Mwanasosholojia Mfaransa Maurice Halbwachs alitetea mwaka 1925 kwamba mtu hakumbuki peke yake: kumbukumbu zake husimama kwa kuegemea kundi. Baadaye alisisitiza pia kwamba kundi nalo huegemea mahali. Beni inamthibitisha kwa hoja ya kwanza na kumpa mtihani kwa ya pili. Nyumba ikichomwa, darasa linaweza kuendelea chini ya turubai. Lakini waliosoma pamoja wakitawanyika, mmoja Butembo, mwingine Kasindi, mwingine ng'ambo Uganda, kila mmoja hubaki na kipande ambacho hana wa kukisahihisha.

Ndiyo maana karatasi ina uzito. Tazama bulletini moja ya zamani, yaani ripoti ya mwanafunzi: alama za kila kipindi, asilimia, nafasi darasani, safu ya mwenendo, muhuri wa shule, na chini kabisa sahihi ya mzazi, wakati mwingine alama ya kidole gumba. Kwa mwenyewe ni kumbukumbu. Kwa anayeomba kazi ni ushahidi kwamba alisoma. Shule ikipotea na rejista zake, mtu hunyimwa vyote viwili kwa mpigo.

Lakini rejista nayo huficha. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu kwa sehemu kubwa, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo Septemba 2019. Katika miaka hiyo watoto wengi walifukuzwa kwa kutolipa minervali, yaani karo ya shule, na wengine hawakurudi. Mahafali na tamasha humkumbuka aliyefaulu mtihani wa serikali. Aliyesimama nje ya dirisha akisikiliza somo hana picha. Kumbukumbu isiyomhesabu huyo ni ya washindi tu, na haistahili kuitwa ya jamii nzima.

Vivyo hivyo kwa yaliyotokea nje ya darasa. Mwishoni mwa Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walipiga kambi kwenye ofisi ya meya, wakilala hapo, wakidai amani na kutaka rais aje. Siku chache baadaye, tarehe 6 Mei, hali ya kuzingirwa (état de siège), yaani utawala wa kijeshi, ilianza Kivu Kaskazini na Ituri. Wengi wa wanafunzi wale sasa ni watu wazima, na hakuna bulletini yenye safu ya usiku ule. Anayetaka kuandika historia ya shule yao aanze na orodha ya darasa moja la mwaka mmoja, aende kwa kila jina, hata yale yaliyokatwa kwa wino mwekundu, na aulize kila mmoja siku yake ya mwisho darasani ilikuwaje.