Deni la Lugha: Chung Chao-cheng na Swali la Uaminifu wa Mwandishi

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mhakiki katika jamii iliyowahi kutawaliwa, lipo hili: je, mwandishi anayeandika kwa lugha ya mtawala amewasaliti watu wake? Kwetu swali hili limejadiliwa kwa ukali, hasa tangu Ngũgĩ wa Thiong'o alipokiaga Kiingereza katika Decolonising the Mind (1986). Makala haya yanalitazama kupitia kwa mwandishi wa Taiwan, Chung Chao-cheng (1925–2020), Mhakka aliyeziandika riwaya zake kwa lugha isiyokuwa ya wazee wake. Rai yetu ni kwamba lugha hiyo humwachia mwandishi deni, na uaminifu wake hupimwa kwa namna anavyolilipa.

Chung alizaliwa Longtan, kaskazini mwa Taiwan. Jina la Wahakka lina maana ya 'watu wageni', nao ni Wachina ambao wazee wao walihama mara kwa mara kuelekea kusini mwa China, na baadhi yao wakavuka bahari. Taiwan ilikuwa koloni la Japani tangu 1895, kwa hiyo Chung alisomeshwa kwa Kijapani. Vita Vikuu vya Pili vilipokaribia kwisha aliingizwa jeshini akiwa askari mwanafunzi, akaugua malaria, na homa ikayaharibu masikio yake. Mwaka 1945 Wajapani waliondoka, ukaja utawala wa Wachina wa chama cha Kuomintang pamoja na lugha yake, Kimandarini. Mnamo Oktoba 1946 kurasa za Kijapani magazetini zilipigwa marufuku. Lugha aliyoiweza kwa kalamu ikawa imefungwa, ile ya ukoo wake haikuwa na nafasi katika uchapishaji, na ile iliyoruhusiwa alikuwa bado hajaimudu. Alijiunga na Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, akaacha upesi kwa kuwa hakuweza kuwasikia wahadhiri vyema. Alirudi kufundisha shule ya msingi, akajifunza upya kuandika.

Shtaka dhidi yake si dogo. Chini ya sheria ya kijeshi, iliyodumu kutoka 1949 hadi 1987, mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani shuleni aliadhibiwa na kuaibishwa, pengine kwa kuvishwa kibao shingoni. Msomaji wa Kenya aliyepata kubebeshwa 'monto' hahitaji kuelezwa aibu hiyo. Anayeandika riwaya nzuri kwa Kimandarini katika mazingira hayo, je, haipambi fimbo inayowachapa watoto wake?

Tuzitazame kazi zenyewe. Lupinghua, iliyotokea gazetini mwaka 1960, inamhusu Gu A-ming, mtoto wa mkulima maskini wa chai mwenye kipaji cha kuchora. Katika mashindano anapitwa na mtoto wa mkubwa wa mji. Anakufa, kisha mchoro wake unapata tuzo ya kimataifa. Mwaka huo huo mwandishi mwenzake Mhakka, Zhong Lihe, alifariki huku riwaya yake ya Lishan Nongchang ikiwa haijatoka kitabuni. Chung alikuwa akiwajua wachoraji wasiotazamwa. Tangu 1957 hadi 1958 alikuwa ameendesha jarida dogo la barua lililowaunganisha waandishi wazaliwa wa Taiwan, Zhong Lihe akiwemo, ili wasomeane kazi. Na mwaka 1965 alihariri majuzuu ishirini ya kazi za waandishi wa aina hiyo. Katika riwaya zake tatu juu ya Wataiwan, alisimulia vizazi vya ukoo mmoja wa wakulima wa chai chini ya Wajapani. Kwa hiyo lugha ya mtawala ilibebeshwa kumbukumbu ambazo mtawala hakuzijali.

Hata hivyo, tukikomea hapo tutakuwa tumemwachilia mapema mno. Riwaya hata iwe bora vipi haiwezi kumrudishia mtoto lugha aliyokatazwa. Inaelekea Chung mwenyewe alilijua hilo. Mnamo tarehe 28 Desemba 1988 Wahakka waliandamana jijini Taipei kudai lugha yao irudishwe, na mwaka 1990 Chung, akiwa amepita miaka sitini, alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa chama kilichoundwa kuitetea jamii hiyo. Baraza la serikali la mambo ya Wahakka liliundwa mwaka 2001, na sheria ya msingi juu yao ikapitishwa mwaka 2010. Hayo yalikuwa matunda ya wengi, lakini yeye alikuwa mmoja wao.

Kutokana na hayo, mhakiki anayeusoma ukurasa peke yake hukosea kotekote: hutia hatiani kabla ya wakati, au husamehe kabla ya wakati. Kosa hilo latuhusu pia sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Tunajihesabu kuwa waaminifu kwa sababu ya lugha ya makala zetu, ilhali wengi wetu, tukishafunga milango ya ofisi, huzungumza na watoto wetu kwa Kiingereza. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Chung alilipa kwa kalamu, na kalamu ilipoishia akatoka nje kudai pamoja na wengine. Sisi tumelipa kiasi gani?