Kumsemea Mtoto Maskini ni Kazi ya Nani?



Wako watu wasemao kwamba kazi ya mwalimu ni kufundisha tu, na mambo ya njaa, sare na madaftari ni ya wazazi. Neno hili lina ukweli ndani yake, kwa maana mwalimu hawezi kuwa baba wa watoto sitini. Hata hivyo yafaa tulipime, maana likiachwa hivyo, mtoto maskini hubaki hana wa kumsemea.

Tutazame kwanza hali ilivyo hapa kwetu Tanzania. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001. Mwaka 2016 ikaondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 mpaka kidato cha sita. Hayo ni mema makubwa, na sisi tuliofundisha wakati watoto waliporudishwa nyumbani kwa ajili ya ada tunayashukuru. Lakini sare, madaftari na chakula vimebaki juu ya mzazi, na wako wazazi ambao hata hivyo hawaviwezi.

Ni nani basi aijuaye hali ya mtoto huyu? Mwalimu wa darasa humwona siku tano kwa juma, na daftari la mahudhurio humweleza mengi. Mtoto asiyeonekana kila siku ya mnada huenda yuko mnadani akiuza karanga. Anayekosa majuma mawili wakati wa palizi huenda yuko katika shamba la watu, akifanya kibarua pamoja na mama yake. Shuleni hao wote wana jina moja: watoro. Jina hilo ni hukumu. Likishaandikwa, watu huuliza apewe adhabu gani, wala hawaulizi kwa nini hakuja. Kwa maoni yangu, kumsemea mtoto huanza hapo: kutompa jina hilo kabla ya kuuliza.

Wengine husema, "Mwalimu mwenyewe hana kitu, atamsaidiaje mwingine?" Hao wanachanganya kusaidia na kusemea. Nimewafahamu walimu walionunua madaftari na kalamu kwa mshahara wao, tena kimya kimya. Ni tendo jema. Lakini daftari likijaa, shida i pale pale, na mkuu wa shule, kamati na serikali ya kijiji hawana habari. Kusema hakutaki fedha. Kunataka ushujaa, hasa unapolazimika kumwambia mkubwa wako wa kazi. Mwalimu akisimama katika kikao cha walimu na kusema si haki watoto wasioleta mchango wa uji kuitwa mbele mstarini, aweza kuchukiwa. Asiposema, watoto wale wataona aibu na kuacha kuja, nao wataitwa watoro. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini iko namna ya kusema. Umaskini haumwondolei mtoto heshima yake. Mwalimu na azungumze na mzazi faraghani, kisha apeleke jambo kwa wale wenye uwezo wa kulitengeneza: mkuu wa shule, kamati ya shule, ofisa wa ustawi wa jamii. Habari za nyumbani kwa mtoto zisiwe maongezi ya chumba cha walimu. Anayemsemea mtoto kwa kumtangaza amemwongezea mzigo.

Nasi tulio nje ya shule tusidhani kwamba jambo hili halituhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pake, akijua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Tena wengi wetu huketi katika mikutano ya wazazi. Siku mchango unapopangwa, mmoja wetu na ainue mkono aulize, "Na yule asiye nacho, mtoto wake tumemwekea utaratibu gani?" Swali hilo liandikwe katika muhtasari wa mkutano, na jibu lake vile vile, ili mwalimu atakayemsemea mtoto kesho asisimame peke yake.