Nyumba Hii ni ya Mwaka Gani?

Kuna nyumba moja ya mkulima huko Uingereza imenikaa kichwani tangu niione kwenye video saa nane usiku, bando ikikata roho. Inaitwa Bayleaf. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 15 huko Chiddingstone, Kent. Miaka ya 1960 bonde lake likatakiwa kwa bwawa la maji la Bough Beech. Badala ya kuiacha izame, mafundi waliifungua boriti kwa boriti, wakaihamishia makumbusho ya Weald and Downland kule Singleton, West Sussex. Mwaka wa 1972 ikasimama tena.

Iliwezekana kwa sababu boriti zake hazikuunganishwa kwa misumari. Ncha ya boriti moja ya mwaloni inachongwa ulimi, nyingine inatobolewa tundu, halafu kigingi cha mti kinapita katikati. Kuta ni fito na udongo. Ndiyo, udongo! Anayekucheka eti kwa nyanya yako ni nyumba ya matope, mtumie picha. Katikati kuna ukumbi ulio wazi hadi paani, bila dari wala dohani. Moto uliwashwa pale sakafuni, moshi ukajitafutia njia yake, na mapaa yakawa meusi tii kwa masizi. Madirisha hayana vioo, ni vijiti vya mbao vilivyosimama na vibao vya kufungia baridi ikizidi. Upande wa chumba cha wenye nyumba uliongezwa karibu mwaka wa 1510, kwa hivyo hata "asili" yenyewe ina viraka.

Sasa shida yangu. Baadaye, kama nyumba nyingi za aina hiyo, Bayleaf ilitiwa dohani. Lakini wahifadhi waliamua ionekane kama ilivyokuwa karibu 1540. Dohani haikurudi. Kuna watu waliota moto pale vizazi na vizazi, wakazaa, wakazikana, na ukiingia leo ni kama hawakuwahi kuwepo. Nani aliamua kwamba miaka yao ndiyo ya kutupwa?

William Morris angekasirika. Mwaka wa 1877 yeye na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, wakiwapinga waliokuwa wakikwangua makanisa ili kurudisha sura ya zamani. Nilikuwa upande wake kabisa. Halafu nikawaza: bila kuondoa dohani, ningeuelewaje ule moshi? Tena makumbusho hayamdanganyi mtu. Yanakuambia wazi kwamba unaonyeshwa mwaka gani.

Mama yangu haniambatanishi na mwaka wowote. Sebuleni kwake kuna picha yangu ya siku ya kuripoti chuo, 2019, shati jeupe limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Niliacha mwaka wa tatu, karo ilipogoma. Tangu hapo nimeandika, nimeuza viatu vya mtumba, nimelala kwa marafiki, nimeandika tena. Lakini mgeni akiuliza, Mama anasema, "Huyo yuko chuo." Miaka yangu yote ya baadaye ameing'oa kama dohani.

Nilikuwa naita huo uongo, na nilimwambia hivyo mara moja, vibaya sana. Siku hizi sina uhakika. Labda 2019 ndiyo mara ya mwisho alipoweza kunieleza kwa sentensi moja. Lakini mimi ndiye ninayeishi ndani ya hii nyumba, na miaka anayoificha ndiyo iliyonifundisha kazi.

Juzi alinipigia simu: shangazi anakuja Jumamosi, nivae ile shati nyeupe.

"Mama, na akiniuliza niko mwaka wa ngapi?"

Akanyamaza. Nikasikia kijiko kikigonga sufuria.

"Ukija beba unga," akasema. "Na hilo shati, kama halikutoshi, wachana nalo."