Deni na Hongo: Juu ya Gharama ya Kuuacha Umoja

Kuingia katika umoja ni jambo la hiari, na watu wengi hukubali ya kuwa kutoka nako kwapasa kuwa hiari. Lakini hiari mbili hizi hazilingani. Aingiaye huja na mikono mitupu na matumaini. Atokaye huacha nyuma yake kazi iliyoanzwa kwa nguvu zake, ahadi zilizotolewa kwa jina lake, na wenzi waliopanga mambo yao kwa kumtegemea. Kwa sababu hiyo kila umoja wenye busara huweka sharti juu ya mlango wa kutokea. Swali ni fupi, ingawa jibu lake si jepesi: sharti hilo likiwa ni malipo, atokaye hulipa nini hasa, na kwa haki gani?

Kiswahili kina maneno mawili yawezayo kuliangaza swali hili. La kwanza ni deni. La pili ni hongo, ambalo leo lina maana ya rushwa, lakini katika karne ya 19 lilikuwa na maana nyingine katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikakata Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Watawala wa Ugogo walitoza misafara nguo, shanga na waya kwa ajili ya kupita katika nchi yao na kunywa maji yao. Malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Hongo haikuwa dhuluma siku zote, maana maji ya Ugogo yalikuwa haba na ulinzi wa njia haukuwa bure. Lakini kiasi chake hakikupimwa kwa maji yaliyonywewa tu. Kilipimwa pia kwa utajiri wa msafara na kwa shida ya mpitaji asiyekuwa na njia nyingine. Deni hupimwa kwa kile alichopokea mdaiwa, hongo kwa udhaifu wa apitaye. Ada ya kuuacha umoja yaweza kuwa la kwanza au la pili, na aghalabu huvaa nguo ya deni hali mwili wake ni wa hongo.

Unyamwezi, nchi ambayo Igunga imo, yatoa mfano mwema wa deni. Wanyamwezi walisifika kwa kazi ya upagazi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa yapata frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Desturi ilikuwa kupokea sehemu ya ujira kabla ya safari na salio mwisho wake. Mpagazi aliyetoroka porini alipoteza salio, na hapakuwa na mtu wa kulia dhuluma kwa hilo, kwa kuwa mzigo alioutua haukutoweka: ulihamia mabegani mwa wenziwe. Deni lake lilionekana kwa macho na lilipimika kwa mizani. Lakini deni hilo lina upande wa pili. Mwenye msafara aliyewanyima watu posho, au aliyewapiga bila kosa, ndiye aliyeuacha umoja kwanza, ingawa miguu yake haikutoka njiani. Haki ya kumdai atokaye hutegemea swali la nani alivunja ahadi mbele ya mwenziwe.

Katika vijiji vya nchi hiyo majirani walisaidiana kulima na kupura mtama. Aliyekwepa kazi ya ujirani aliweza kutengwa, akakosa wa kumsaidia shambani na msibani hata alipe faini na kurejea. Na adabu ya namna hiyo ilipata nguvu mpya sungusungu walipotokea mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hata hivyo watu haohao walikuwa na uhuru mkubwa wa kuhama. Mtu aliyechoshwa na mtemi wake alichukua ng'ombe na jamaa zake akajenga kwa mtemi mwingine, na kila mtemi alijua ya kuwa nchi isiyo na watu si nchi. Mlango ulioachwa wazi ulimfundisha mtawala adabu ambayo mashauri ya wazee pengine yasingeweza kumfundisha. Anayefikiri ya kuwa umoja hulindwa kwa kufunga mlango hana budi kuukumbuka ushahidi huu.

Mfano wa siku hizi watoka mbali, nao ni wa michezo. Vyuo vikuu vya Marekani hushindana katika mashirikisho, na kila shirikisho huuza haki ya kuonyesha mashindano yake katika televisheni, likagawa mapato kwa wanachama. Fedha hizo zimewafanya wanachama wawe wepesi wa kuhama. Mwezi wa Septemba 2012 shirikisho la ACC lilipiga kura ya kupandisha ada ya kuondoka hata ikawa mara tatu ya bajeti yake ya mwaka. Chuo Kikuu cha Maryland kilikuwa kimojawapo cha vyuo viwili vilivyopinga. Miezi miwili baadaye Maryland ilitangaza kuhamia Big Ten. Ikadaiwa dola zaidi ya milioni 52, na baada ya mashauri mahakamani pande mbili zikapatana mwaka 2014 kwa dola milioni 31.4. Texas na Oklahoma zilikubali kuacha dola milioni 100 kwa pamoja ili ziondoke Big 12 mwaka 2024, mwaka mmoja kabla ya muda wao. Mwaka huohuo Pac-12, shirikisho lililojihesabia umri tangu 1915, liliachwa na wanachama 10 kati ya 12. Waliobaki, Oregon State na Washington State, walikuwa wamekwisha kwenda mahakamani kuuliza nani mwenye sauti juu ya hazina iliyosalia. Novemba 2023 hakimu aliamua kuwa ni wao, kwa kuwa atangazaye kuondoka hawezi kuendelea kutawala nyumba anayoihama.

Hukumu hiyo ni ya haki, lakini haikumgusa mtu wa tatu. Mwanafunzi mwanariadha wa pwani ya Pasifiki sasa huvuka bara zima kushindana na wenziwe wa pwani ya Atlantiki, na masomo yake humngoja. Yeye hakupiga kura ya kuingia wala ya kutoka. Vyuo vililipana fedha vyenyewe kwa vyenyewe, hali usingizi na vipindi vilivyopotea ni vyake.

Afrika Mashariki imeyajua mambo haya kwa namna mbili. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam ziliungana kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Udaktari ulisomwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mwaka 1970 umoja huo ulivunjwa kwa makubaliano, na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Gharama haikuwa ndogo, kwa maana kila mmoja alilazimika kujijengea alichokuwa akikipata kwa jirani. Dar es Salaam, kwa mfano, ilianzisha kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. Lakini waliotaka kutengana ndio waliolipa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967 haikupata bahati hiyo. Ilivunjika mwaka 1977 kwa hasira. Mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hata mwaka 1983, na mali ikangoja upatanishi wa Victor Umbricht wa Uswisi. Tarehe 14 Mei 1984 mkataba ulitiwa saini Arusha: Kenya ikapata sehemu 42 kwa mia, Tanzania 32, Uganda 26. Serikali zilikuwa zimekwisha kugawana, lakini watumishi wa zamani wa reli, bandari, posta na ndege walikuwa bado wanadai haki zao. Wale wa Tanzania walifungua shauri mwaka 2003, wakafikia makubaliano na serikali mwaka 2005, miaka 28 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya. Wengi walikuwa wamekufa. Mkataba mpya wa mwaka 1999 ulijifunza kutokana na msiba huo: nchi itakayo kutoka sharti bunge lake likubali kwa theluthi mbili, itoe taarifa ya miezi 12, na iendelee kubeba wajibu wake katika muda huo.

Kutokana na mifano hii vipimo vitatu vyaweza kupatikana. Kwanza, ada iwe imejulikana siku ya kuingia, isipandishwe siku mwenzi anapoanza kutazama mlango. Pili, kiasi chake kitokane na hasara iliyo wazi ya waliobaki, kisitokane na uchungu wao. Tatu, malipo yamfikie yule aliyebebeshwa mzigo, yasiishie mikononi mwa wakubwa waliotia saini. Ada ipitayo vipimo vyote ni deni, na dawa ya deni ni kulipa. Ada ianguayo katika kimojawapo imekwisha kuingia Ugogo.

Itasemwa ya kuwa ada kali huwazuia wanachama kuacha mbachao kwa msala upitao, na kwa hiyo hulinda umoja. Hoja hii ina ukweli, lakini mtu azuiwaye na gharama peke yake amekwisha kuondoka moyoni. Kinachobaki mezani ni kivuli chake na kura yake. Umoja wa vivuli hauna nguvu siku ya haja.

Igunga yenyewe yaonyesha jinsi kipimo cha tatu kilivyo kigumu. Mbunge wake alijiuzulu Julai 2011, na tarehe 2 Oktoba wananchi wakarudi kupiga kura, hata mwaka mmoja haujatimia tangu uchaguzi mkuu. Kuondoka kulikuwa haki yake; gharama ya uchaguzi mdogo ilikuwa ya umma. Tena ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania humvua kiti mbunge aachaye chama chake. Ikiwa kiti hicho ni deni, mwenye kudai ni nani? Chama kilimpa jina na bendera, lakini mkulima wa pamba wa Igunga ndiye aliyempa kura. Kiti kikirudi kwa mpiga kura ili achague upya, deni limelipwa kwa mwenyewe. Kikitumiwa kumtisha mbunge asiseme neno ambalo wakuu wa chama hawalipendi, hiyo ni hongo, ijapokuwa imeandikwa katika sheria iliyo kubwa kuliko zote. Sheria ni moja. Ni matumizi yake yanayoamua jina lake, na mwenye kuyapeleleza matumizi hayo hana budi kuwa mwananchi, kwa sababu fedha ya uchaguzi hutoka mfukoni mwake.